Kibao Kilichokaa Uchagani

Nianze kwa kukiri kwamba nilikuwa na hasira za karibu. Mama yangu alisema ni moto wa majani ya mkaratusi: unawaka ghafla, unapiga kelele, na kabla hujasogea umeshazima. Alikuwa akisema hivyo huku anacheka. Siku moja moto huo ulimchoma yeye mwenyewe, na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Lakini siwezi kuifikia bila kupita kwanza kwenye karakana ya fundi seremala mmoja wa Lushoto, ambaye mpaka leo sijaona mtu wa kumlinganisha naye.

Fundi alitengeneza madawati ya shule, milango, vitanda, na majeneza yalipohitajika. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ukumbi wa jamii, na ndani ya ukumbi huo palikuwa na meza ya mpira wa meza aliyoiunda kwa mkono wake. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tuliambiwa tujitegemee, na kwa upande wa mpira wa meza tulikuwa tumeanza kujitegemea zamani, maana kwenye duka la ushirika hukupata hata kimpira kimoja, seuze kibao cha kukipigia. Vimpira alituletea bwana michezo wa wilaya kutoka Tanga, kavifunga ndani ya soksi. Vibao vilikuwa vya fundi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wangu wa tatu kazini, bado naishi na mama kwenye mteremko wa upande wa Kifungilo. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kila jioni baada ya vipindi nilipita ukumbini, nikavua kitenge nilichofunga juu ya sketi, nikacheza mpaka mwanga ulipopungua. Nilijiona mpigaji. Nilipenda ule mlio wa mpira ukigonga upande wa pili na mtu akabaki ameduwaa.

Basi nikaenda kumwomba fundi anitengenezee kibao changu.

Hakuniuliza nataka cha namna gani. Alinipa randa na kipande cha mti, akasema, "Mwalimu, hebu nisaidie hapa kidogo," kisha akanigeuzia mgongo kama hanioni. Alikuwa na desturi hiyo kwa kila mtu, nami sikuijua. Nilipiga randa nusu saa nzima huku nalalamika: randa butu, mti una fundo, mimi si kibarua wake, kazi ya serikali inanisubiri. Yeye alikuwa akiimba besi ya kwaya yake ya Kilutheri. Sisi ni Waislamu, lakini nyimbo zake nilizijua zote kwa kuzisikia pale karakanani.

Mwisho alikuja, akaokota mabaki ya randa chini ya miguu yangu. Yalikuwa yametoka marefu, ya unene mmoja, hayakukatika.

"Wewe si mpigaji," akasema. "Wewe ni mrudishaji."

"Mimi, fundi?"

"Hasira zako ziko mdomoni. Mkono wako una subira."

Nilinuna wiki nzima. Kuambiwa mrudishaji, kwangu, ilikuwa sawa na kuambiwa mwoga.

Baadaye, nilipokuwa nikimtazama akiwafanyia wengine, ndipo nilipoanza kuelewa alichokuwa anakifanya. Aliyesukuma randa kwa pupa mpaka ikakwama alipewa ubao wa podo mtupu, mti laini unaomeza nguvu, ili pupa yake isiutupe mpira nje ya meza. Aliyekwenda kwa mkono mtulivu alipewa podo katikati na nyuso mbili nyembamba za mkulo, mti mgumu wa misitu yetu wenye harufu kali ya dawa, unaorudisha mpira upesi. Huyo hakuhitaji kuzuiwa; ndicho nilichopewa mimi. "Mtu mkali hapewi kisu kikali," alikuwa akisema. Tabaka hizo tatu alizigandisha kwa gundi ya moto, akazibana siku mbili, kisha akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole karibu na sikio lake. Ukilia anavyotaka, aliuweka kando kwa heshima. Ukilia vinginevyo, ulikwenda jikoni kwa mtu. Nyumba nyingi za Lushoto zilikatia kabichi juu ya vibao vilivyofeli mtihani huo.

Kwa mpini alikupa bonge la udongo wa mfinyanzi, akakuambia ulibinye kama unavyoshika kibao, usifikirie. Alama za vidole vyako ndizo alizozichonga. Nimeshika vibao vya madukani tangu hapo, vizuri, vya bei, na hakuna hata kimoja kilichonijua mkono namna ile.

Taabu ilikuwa raba, ile ngozi inayobandikwa kwenye ubao, kila upande yake. Fundi alikata mipira ya ndani ya matairi ya malori, akaibandika kwa solusheni ya kuzibia pancha za baiskeli. Kwa aliyetaka mpira uruke zaidi, aliweka chini yake safu nyembamba ya sponji ya kandambili kuukuu. Waliosali au kufanya mikutano ukumbini walilalamika kwamba kandambili zikiachwa mlangoni hurudi moja. Sijui lolote kuhusu hilo.

Halafu kulikuwa na ukungu. Kwetu mwezi wa sita na wa saba ukungu huingia ukumbini kama mwanachama aliyelipa kiingilio. Mpira unakuwa mzito, hauruki, na raba laini ikipata unyevu inateleza. Miezi hiyo fundi alibandua raba laini za kila mtu, akaweka zile za vipele alizozibandua kwenye vibao vya zamani vya misheni, kwa kuwa maji hujificha katikati ya vipele na ncha zinabaki kavu. Jua likirudi, naye alirudisha laini. Alifanya hivyo kwa wachezaji wote kumi na kitu, kila mwaka, bila kuombwa, na mimi nilidhani kila mji una mtu kama huyo.

Fundi alikuwa na haja moja, na sote tuliijua. Alitaka kibao chake kishinde mechi moja Tanga. Moja tu. Kila mwaka timu ya wilaya iliteremka kwenye mashindano ya mkoa, na kila mwaka ilirudi kama ilivyokwenda. Wachezaji wa pwani walivitazama vibao vyetu wakatuuliza kama tumekuja kusukuma chapati. Mwaka huo bwana michezo alimwambia waziwazi, mbele yetu, kwamba tukirudi tena mikono mitupu ataomba mkoa utupatie vibao vya dukani, na vya fundi vibaki vya watoto wa shule. Fundi alijibu, "Sawa, ndugu," akaendelea kupiga msasa. Ila wimbo aliokuwa anauimba aliukatisha, na kwa siku kadhaa karakana ilikuwa kimya.

Kisha akafungua bati la biskuti.

Lile bati tulilifahamu. Ndani yake mlikuwa na raba mbili nyeusi, mpya, katika karatasi zake, alizoachiwa na daktari wa Kichina aliyefanya kazi kwetu miezi michache na kucheza naye kila Jumapili baada ya ibada. Raba hizo zilikuwa laini, zenye sponji ya kweli, zinazoshika mpira na kuuzungusha. Alikaa nazo miaka minne, amezipaka poda zisigandane. Wachezaji wazuri waliziomba wakakataliwa. "Bado sijamwona mwenyewe," alikuwa akijibu.

Wiki tano kabla ya Tanga alizibandika kwenye kibao changu, zote mbili, huku anapumua polepole kama mtu anayemvisha mtoto mgonjwa. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Usikichukue kwenye mvua," akasema. "Na usikiache juani."

Hakutaja moto. Nani angefikiria kutaja moto?

Wiki ile ile nilitumwa Mgwashi siku nane, kufundisha kwenye kisomo cha watu wazima. Mvua ilikuwa inanyesha huko bila kupumzika, nikakumbuka agizo la fundi, nikakiacha kibao nyumbani kwenye kabati, kimefungwa kwa kanga. Mama alifungua kabati siku ya pili akakuta kanga imelowa unyevu na mpini umeanza kuota ukungu mweupe. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa milima yetu angekifanya. Akakipeleka jikoni, akakipandisha uchagani.

Kwa asiyejua, uchaga ni ule utandazo wa fito juu ya mafiga, mahali moshi na joto vinapopita kwanza kabla ya kutoka. Kwetu chochote cha thamani kinachoogopa unyevu hukaa pale: mahindi ya mbegu, maharage ya mbegu, hata cheti changu cha ualimu kilikaa pale msimu mmoja, mpaka leo kinanukia moshi. Kibao changu kilikaa kwenye uchaga siku sita, kimelala kati ya mahindi ya mbegu, upande mmoja umetazama moto.

Niliporudi kutoka Mgwashi nilikwenda moja kwa moja kabatini. Kisha nikamuuliza mama. Akanionyesha juu, kwa fahari kidogo.

Raba ya upande wa chini ilikuwa imekufa. Nilipitisha kidole, kikateleza kama juu ya sahani. Ilikuwa ngumu, inang'aa, haishiki kitu. Niliangusha mpira juu yake, ukatoa mlio wa kidebe. Upande wa juu ulikuwa mzima, mama aliufunika kwa kipande cha gunia, lakini mimi sikuliona jambo hilo. Niliona miaka minne ya fundi imeokwa juu ya moto wa kuchemshia maharage.

Niliyoyasema siku ile nayakumbuka yote, na ningependa nisiyakumbuke. Nilimwambia mama kwamba hajui kitu. Kwamba kwake kila kitu ni mahindi. Kwamba mtu asiyejua kusoma aulize kabla ya kugusa. Hilo la mwisho nililisema mimi, niliyetoka siku hiyo hiyo kuwafundisha akina mama wa Mgwashi herufi, na kuwapigia makofi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Mikono yake haikusimama. Alinijibu kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kwamba mbegu hazijawahi kuoza mikononi mwake. Alinipakulia chakula jioni ile kama kawaida, na kesho yake, na keshokutwa, na mimi nikala. Moto wangu ulikuwa umezima zamani lakini sikujua pa kuanzia, nami nikafanya kosa la kungoja siku nzuri ya kuomba radhi.

Kwa fundi nilikwenda na kibao nimekificha chini ya kitenge.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Habari za Mgwashi?"

Nilikitoa. Nikamweleza. Alikishika, akapitisha kidole gumba, akakaa juu ya gogo la kukatia mbao. Sijawahi kumwona mwanamume akikaa vile, kama aliyeambiwa habari ya msiba na anatafuta la kuuliza. Nikaanza kulia. Akaniambia niende nyumbani, kibao nimwachie.

Siku ya pili aliniita ukumbini. Nilidhani amebandua ile raba na kuweka ya tairi. Hakubandua. Alisimama upande wa pili wa meza akiwa na kibao cha daktari yule, alichoachiwa pia, akaniambia nirudishe mipira yake kwa upande uliokauka, nisifanye lolote zaidi.

Alianzisha mpira wa kuzungusha, ule ambao tangu nimjue haukuwa na dawa. Kwa kawaida ukiugusa unaruka pembeni, unakokujua wenyewe. Nikaweka kibao mbele yake tu, kwa kukata tamaa. Mpira ukarudi. Ukarudi umenyooka, mzito, umesahau kila kitu alichoufundisha. Akazungusha wa kulia, wa kushoto, wa kukata kwa chini. Yote ilirudi. Zaidi ya hapo, ule aliouzungusha kwa nguvu zaidi ulimrudia na mzunguko wake mwenyewe, na mara mbili aliuweka kwenye wavu, fundi, kwenye wavu!

Akaacha kucheza. Akaja upande wangu, akainusa ile raba.

"Haishiki," akasema. "Kwa hiyo mtu hawezi kuidanganya."

Nilipomtazama alikuwa anatabasamu, na nilifurahi hata nikataka kumkumbatia, jambo ambalo halifanyiki. Mtu mwingine angeona hasara akailaumu. Yeye alilala na ile hasara, akaamka, akaiuliza inafaa kwa nani. Na jibu lilikuwa lile alilonipa siku ya randa, ambalo mimi nilikuwa nalikataa mwaka mzima. Raba ile ilitaka mrudishaji.

Alibadilisha ubao. Alisema raba iliyokauka juu ya ubao wenye nyuso za mkulo inarudisha mpira upesi mno, inampa mwenzako nguvu ya bure. Alitengeneza mwingine, podo mtupu upande wa raba kavu, mkulo upande wa raba nzima, tabaka zisizolingana, kitu ambacho hakuwahi kukifanya wala kukiona. Kulikuwa na hatari ya kupinda. Ulipinda kidogo, akaukanda kwa mvuke wa birika mpaka ukanyooka. Akahamisha raba zote mbili pole pole kwa mafuta ya taa na uzi. Kisha akanifundisha kukigeuza kibao mkononi kwa kidole gumba katikati ya mchezo, raba zote mbili nyeusi, mtu wa upande wa pili asijue anapigwa na ipi. Wakati ule sheria iliruhusu.

Wiki moja kabla ya mashindano akanipeleka Mombo. Alikuwa na wazo kwamba kibao cha Lushoto ukikiteremsha kwenye joto kinabadilika tabia, na hakutaka tukagundue hivyo mbele ya watu wa Tanga. Tulipita kona za Soni, masikio yakaziba yakazibuka, na kufika chini joto likatupokea. Kulikuwa na meza kwenye baraza ya godauni la pamba. Raba ile nzima ilianza kunata kwa joto, mipira yangu yote ikaenda mbali kwa nusu hatua. Ile kavu haikubadilika hata kidogo.

"Hii haina wasiwasi," akasema fundi, anajifuta jasho. "Moto imeshauona."

Tulikaa pale siku nzima mpaka mkono wangu ukajua ile nusu hatua.

Tanga nilipangiwa kucheza na dada mmoja karani, mrefu, mwenye kibao cha dukani chenye raba mpya kabisa. Alianzisha mpira kwa kuurusha juu sana, na kuuzungusha kwa namna ambayo nilisikia kabla sijaona. Alikitazama kibao changu, akatabasamu kwa adabu. Mwamuzi alikigeuza pande zote mbili, akarudisha. Bwana michezo alikuwa amekaa nyuma amekunja mikono. Wenzangu wote wa wilaya walikuwa wameshafungwa asubuhi. Nilikuwa nimebaki mimi.

Seti ya kwanza nilifungwa vibaya. Siwezi kumlaumu mtu. Niliona umati, nikaona yule dada, nikataka kupiga. Nilitumia raba ile nzima karibu kila mpira, nikarusha nje, nikarusha kwenye wavu, nikakasirika, nikarusha tena nje.

Nilipokwenda kunywa maji fundi alikuja. Nilitegemea anikaripie. Alinipa kitambaa, akangoja nijifute uso.

"Mpe upande wa mama yako," akasema.

Basi. Akarudi kukaa.

Seti ya pili sikupiga hata mpira mmoja mpaka pointi ya kumi. Nilirudisha. Yule dada alizungusha kwa ujuzi wote aliokuwa nao, na ujuzi ulikuwa mwingi, na kila alichokituma kilimrudia kimegeuka. Alianza kuitazama raba badala ya mpira. Hapo ndipo nilipoanza kukigeuza kibao, mara mama, mara daktari, na mpira uliokuwa unarudi mfu ghafla ukarudi hai. Nikachukua seti. Ya tatu tulikwenda sawa mpaka kumi na tisa kwa kumi na tisa. Alianzisha mpira wa juu. Nikauwekea upande wa moshi, ukaanguka mfupi, akaukosa. Wa mwisho alijaribu kuusukuma tu bila kuzungusha, kwa woga, ukainuka kidogo, na mimi, mrudishaji, nikaupiga kwa raba nzima kwa nguvu zangu zote.

Nilimwona fundi amesimama juu ya benchi. Mzee wa kanisa, na viatu vyake.

Nisizidishe chumvi: mechi iliyofuata nilifungwa. Dada wa pili alikuwa amekaa pembeni akitazama, akaelewa, naye hakuzungusha mpira hata mmoja. Alinisukumia polepole tu, na raba isiyoshika haikuwa na kitu cha kunipa. Alinifunga bila jasho. Fundi alilipokea hilo kwa furaha ile ile, akasema huyo sasa ni mchezaji, na akatumia njia yote ya kurudi kufikiria raba ya kumtengenezea mtu wa namna hiyo.

Lakini mechi moja tulikuwa nayo. Nilipotoka mezani mwalimu wa timu ya Tanga alikuja kukiomba kibao. Akakigonga, akakinusa, akapitisha kidole, akauliza raba hiyo ni ya nchi gani na inaagizwaje. Bwana michezo alikuwa amesimama hapo hapo, mikono ameikunjua. Nilijua fundi atasema nini. Ubao ulikuwa wake, mpini wake, wazo lake, na wakati ulikuwa wake.

"Ubao ni wangu," akasema fundi. "Raba imetengenezwa na mama yake, Lushoto."

Yule mwalimu aliandika kwenye daftari lake. Mimi niliinamisha kichwa. Kati ya watu wote waliokuwa ukumbini mle nilikuwa peke yangu niliyejua nimemwambia nini mama huyo wa Lushoto.

Siku tatu baada ya kurudi fundi alikuja kwetu, asubuhi, amevaa koti. Mama alikuwa jikoni na mimi nilikuwa namenya viazi. Kwa umri mama alimzidi fundi kidogo.

"Shikamoo, dada," akasema mlangoni.

"Marahaba. Karibu."

Hakuingia. Alifungua bati la biskuti. Alikuwa na raba sita ndani yake, za matairi, za vipele, moja ya kibao cha daktari aliyoibandua. Akasema hakuja kwa mazungumzo, amekuja kujifunza, na kama dada hatajali, angeomba kumwuliza. Aliiweka kwa kimo gani? Siku ngapi? Kwa kuni gani?

Mama alinitazama mara moja. Kisha akaanza kujibu.

Akasema kuni za mkaratusi hazifai, moshi wake una mafuta, huacha nta. Alitumia kuni kavu za mkulo alizokuwa anaziweka kwa ajili ya mbegu. Akasema siku ya kwanza alikiweka kando, asikishtue. Siku ya pili alikisogeza katikati. Siku mbili za mvua alipunguza moto, kwa sababu joto la ghafla kwenye kitu chenye unyevu hupasua. Akasema kila alfajiri alipanda kwenye kigoda akakipapasa kwa mgongo wa mkono, kama anavyopapasa mbegu, na siku ya sita alisikia kimekauka ndani na nje, akamngoja mwanawe aje akitoe. Upande wa pili aliufunika gunia kwa sababu hakujua mwanawe anautaka upande upi, akaona amwachie mmoja kama ulivyokuwa.

Fundi alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, kofia mkononi, kama alivyokuwa akisikiliza ubao. Alimwuliza tena habari ya siku za mvua. Alitaka kujua kila kitu.

Kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwangu. Siku sita, kila alfajiri, juu ya kigoda. Nilikuwa nimemwambia hajui kitu.

"Mama," nikasema mbele ya mgeni, "nisamehe. Nilikosa."

Mama alikuwa ameshapokea raba ya kwanza, anaikunja na kuikunjua karibu na mwanga wa mlango kuona unene wake. Hakugeuka.

"Mgeni amesimama muda wote huu," akasema. "Mletee kigoda changu."

Kile cha kupandia uchagani. Nikakileta.